Fundi wa matundu ya hewa hapa Mwanga, Kigoma: kazi nimeikubali, wavu wa mbu ndo umenikera

Mwakeye wana Kigoma. Nyumba yetu tuliweka madirisha ya alumini yale ya kuslaidi, yanapendeza kweli ila kumbe ukivuta kioo kimoja kinaenda kuziba upande wa pili, dirisha la upana wa mita moja unapata nusu mita tu ya hewa na hapo bado wavu wa mbu nao unakaba. Sebule ina madirisha upande mmoja, jiko liko ndani, mama akiwasha mkaa akaanza kukaanga dagaa moshi wote unahamia vyumbani na mwanangu anakohoa mpaka asubuhi.

Jirani akaniletea fundi. Cha kwanza hakutoa futi, aliomba udi. Akauwasha akasimama nao katikati ya sebule, dirisha liko wazi, moshi ukapanda wima mpaka kwenye siling bodi ukatanda palepale. Akasema "unaona dada, mchana upepo unatoka ziwani vizuri tu, ila humu ndani hauna pa kutokea". Basi akatoboa ukuta wa nyuma mkabala na dirisha la mbele akaweka dirisha la kufunguka lote, jikoni akapanga matofali ya matundu juu kabisa karibu na dari maana hewa ya moto inapanda, na mlango wa jiko akaukata chini vidole vitatu ili hewa mpya iingie.

Alipomaliza akawasha udi tena. Jamani ule moshi ulilala ukanyooka moja kwa moja dirisha la nyuma, nilisimama naangalia mpaka kijiti kikaisha.

Sasa kero. Alisema siku 2 zikawa 5, sawa kuna kusubiri linta, ile zege ya juu ya dirisha, ikauke hiyo naelewa, lakini matofali ya jikoni aliyaacha bila wavu na usiku wa kwanza mbu walitumaliza, huku Kigoma na malaria yetu hilo si la kusahau. Nilimpigia akarudi kuweka bila kudai hela. Juu ya matundu pia hakuweka kikofia, mvua ya upepo ikija inalowesha ukuta.

Nimelipa 230,000 na vifaa. Nilimheshimu zaidi aliponiambia matundu haya si ruhusa ya kulala na jiko la mkaa ndani, ile sumu yake haina harufu, inaua watu wamelala. Wiki ya tatu hii mtoto analala kimya. Namba yake njooni inbox, ila mwambieni habari ya wavu na kikofia kabla hajaanza kutoboa.