Kisanduku cha flai 24: nusu moto, nusu pambo

Nilinunua kisanduku cha flai 24 (wadudu bandia waliofungwa kwa ndoana za kuvulia samaki) kwa duka moja hapa Nairobi nikaenda nazo mto Thiba wikendi, na wacha niseme ukweli. Zile za kuzama, Pheasant Tail namba 16, ni moto, uzi umekazwa vizuri, na pale ukigeuza jiwe unakuta vidudu vyembamba vya mikia mitatu, yaani watoto wa meiflai, kwa hiyo samaki trauti akiona ile kahawia inapita karibu na chini hata haulizi, nilitoa watatu kabla ya saa nne. Lakini hizi za kuelea jamani! Elk Hair Caddis zote namba 10, kubwa kama nondo wa taa, na wadudu waliokuwa wanaruka jioni hawafiki hata ukucha wa kidole cha mwisho. Samaki anapanda, anachungulia, anarudi zake. (Namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo, muuzaji mwenyewe alinichanganya hapo.) Moja ilifumuka manyoya kabla hata sijarusha mara tano. Nikirudi nachagua moja moja, na nitabeba mdudu wa mtoni kwa kichupa nimwonyeshe muuzaji.