Sensa za alamu ya gari: ipi ununue kwanza, ipi uachane nayo

Wakuu, watu wakishaibiwa saiti mira wanakimbilia kubadilisha alamu nzima, wakati mara nyingi alamu yenyewe ni nzima, shida ni kwamba ilikuja na sensa moja tu ya mtikisiko na fundi akaifunga bila kuiset. Kabla hujatoa hela jiulize wezi wa mtaani kwako wanachukua nini, maana kila wizi una sensa yake. Hapa Dar wanaotutesa ni wa vitu vya nje, vioo, taa, rimu, halafu ndo wanaovunja dirisha wabebe begi kwenye siti. Mpangilio huu ni wa IST, Vitz, Noah na wenzao wanaolala nje, sio gari la kwenye geti na mlinzi.

Ya kwanza ni shoku sensa, yaani hiyo ya mtikisiko, ila ya hatua mbili. Gari likiguswa kidogo inatoa mlio mfupi wa kuonya, likigongwa kwa nguvu ndo king'ora kinaamka chote. Ya hatua moja usinunue, haina pa kuiweka, ukiipandisha usikivu inalia kila bodaboda yenye ekzosi mbovu ikipita, ukiishusha mtu anang'oa taa kimya kimya na wewe umelala. Ila hata iwe nzuri vipi, sehemu inapofungwa ndo kila kitu: ikazwe kwenye chuma chini ya dashibodi, karibu na katikati ya gari, sio kuning'inia kwenye nyaya au kubandikwa kwenye plastiki inayochezacheza. Kwenye kuset kuna kaskrubu kadogo, anza chini kabisa, piga kiganja kwenye nguzo ya kioo cha mbele, panda taratibu mpaka iitike, kisha zunguka ujaribu kona zote nne. Mnaopaki chini ya mwembe shusheni kidogo, embe likidondoka juu ya bati sensa haiwezi kujua kama ni embe.

Ya pili ni sensa ya ukaribu, wengine wanaiita rada. Inatoa mawimbi ya maikrowevu, nyingi ni gigahetzi 10.5 au 24, yanapenya kioo, plastiki na vitambaa lakini chuma kinayarudisha. Kwa saiti mira naiamini kuliko zote, kwa sababu anayechomoa kioo cha pembeni hatikisi gari sana lakini lazima asimame usawa wa dirisha la mbele, na pale rada inamwona. Iwekwe katikati ya siti mbili za mbele, mbali na chuma, na kama tinti yako ni ile yenye chembe za chuma ndani yake jua itapunguza nguvu. Chukua yenye kanda mbili, yaani maeneo mawili ya kuhisi, ya nje ilie mlio wa kuonya tu na ya ndani ndo ipige king'ora. Ya nje ibane sana, nusu mita toka mlangoni inatosha, maana ukiiacha mita mbili halafu unapaki Kariakoo italia kwa kila mpita njia, mwisho utaizima mwenyewe na mwizi atakuwa amerahisishiwa kazi. Muulize pia fundi akupimie na maltimita, kile kipimo cha umeme, inavuta kiasi gani. Ikivuta miliampea 20 ni kama nusu ampea-saa kwa siku, gari linalotembea kila siku wala halihisi, ila likisimama mwezi mzima hizo ni ampea-saa 14 hivi kwenye betri ndogo ya 35, asubuhi linaweza kugoma kuwaka.

Sensa ya mwinamo naiweka ya tatu, lakini wewe mwenye rimu za bei mbaya ipandishe iwe ya pili. Ukilock inakariri gari lilivyokaa, hata kama umepaki kwenye mlima, na likiinuliwa nyuzi chache inalia. Jeki inapandishwa polepole na shoku sensa inaweza isishtuke kabisa, ndo maana watu wanakuta gari liko juu ya matofali.

Zilizobaki ni za hali maalumu. Za ultrasoniki, zinazotumia sauti isiyosikika na masikio, vile vijicho viwili kwenye nguzo za mbele, zinalinda ndani tu na zinataka madirisha yafungwe, na sisi kwa joto hili tunaacha upenyo, upepo ukiingia zinalia bure. Kipaza cha kusikia kioo kikivunjika ni msaidizi tu, mtu akikata mpira akatoa kioo kizima hakisikii kitu. Na zile za kuhisi joto la mwili za majumbani mtu asikuuzie kabisa, kabini iliyopigwa jua inapita nyuzi 50, mwili wa mtu ni 37, itachanganyikiwa.

Kabla ya kulipia angalia alamu yako ina tundu ngapi za sensa. Kama ni moja na wewe unataka mbili, fundi asisokote nyaya pamoja, aweke dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila waya wa kuamsha king'ora, la sivyo sensa moja inaweza kuingilia nyingine. Akimaliza lock gari, subiri sekunde 30 maana alamu nyingi zinachelewa kuamka, halafu sukuma, inua, simama dirishani, zote zilie ndo umpe hela yake.