Baldur's Gate 3, sura ya tatu: mji ulinichosha, Karlach akanishika

Nimemaliza Baldur's Gate 3, gemu la kompyuta la hadithi ambalo unasafiri na kikundi cha wenzako na vita vinapiganwa kwa zamu, Jumapili usiku, saa 131 kwa hesabu ya kompyuta yenyewe, na leo nataka kuzungumzia sura ya tatu tu. Mbili za mwanzo zimesifiwa vya kutosha tangu gemu litoke Agosti 2023. Kama hujafika huko na hupendi kutobolewa siri, ishia hapa.

Gemu linataka nafasi ya gigabaiti 150. Hapa Tanga hiyo ilikuwa kazi ya bando la usiku, siku tisa mfululizo, naamka saa nane kuangalia kama bado linashuka. Mchana nashona nguo za watu, nacheza baada ya isha. Mama anakaa kwenye mkeka pembeni yangu akichambua mchele wa kesho. Kiingereza cha haraka hakimwingii na Kiswahili humo hakuna, kwa hiyo namtafsiria. Maamuzi mengine niliyofanya ni yake.

Sura inaanza nje ya mji wa Baldur's Gate, kitongoji cha Rivington, wakimbizi wamezuiwa, sarakasi imepiga hema, kasisi ameuawa. Ukivuka daraja ukaingia mjini kila mlango una kesi yake. Kuna duka la vifaa vya uchawi, kuna benki, kuna gazeti ambalo unaweza kupenya ofisini ukabadilisha habari ya kesho. Kila kimoja kimetengenezwa kwa mkono wa fundi, siwezi kusema vingine. Ila vimerundikwa. Orodha yangu ya kazi za ndani ya gemu ilijaa mpaka nikasahau kwamba chini ya mji kuna ubongo mkubwa unaotaka kugeuza kila mtu kiumbe chenye kichwa cha pweza. Ile nchi ya giza ya sura ya pili ilinikaba kwa sababu ilikuwa na jambo moja la kufanya. Hapa nilizurura. Tena levo inakomea 12, nami niliifikia nusu ya mji ikiwa bado haijaguswa.

Kilichonibakisha ni madeni ya wenzangu wa safari. Wengi wao wana mtu mjini humo aliyewaharibia maisha, na sura hii inawapeleka mmoja mmoja mpaka mlangoni kwa mtu huyo.

Kabla ya hapo niseme kuhusu Iron Throne, gereza lililo chini ya bahari. Unashuka kwa nyambizi, Gortash, mtawala wa mji na mmoja wa maadui wakuu, anagundua, anaanza kulipua. Una zamu chache tu za kuwafungulia wafungwa na kuwarudisha kwenye ngazi, maji yanaingia, maadui wanatoka majini. Nilikuwa nahesabu mita kama napima kitambaa kisichotosha: huyu anaruka kwa uchawi mpaka mlango wa mwisho, huyu anabaki ngazini. Nilirudia mara nne. Mara ya nne walitoka wote isipokuwa mbilikimo mmoja, aliyebaki hatua mbili kutoka kwenye ngazi. Sikurudia tena. Nilikaa naangalia skrini mpaka mama akaniuliza kama umeme umekatika.

Shadowheart, mmoja wa wenzangu hao, alilelewa na watu wa mungu wa giza, Shar, waliomwibia kumbukumbu zake. Ndani ya hekalu lao unawakuta wazazi wake, hai, wamefungwa miaka yote. Ukiwatoa, jeraha la laana la mkononi mwake litaendelea kumchoma maisha yake yote. Ukiwaacha waende, yaani wafe, laana inakatika. Baba mwenyewe anamwomba awaachie. Nilitaka kuwaokoa, nikasimamisha mazungumzo, nikamweleza mama. Aliacha ungo. "Mzazi ameshasema, mwanangu. Msikilizeni." Tukawaacha waende. Sijawahi kuona gemu likimweka mama yangu kimya kiasi kile.

Na Karlach, mwenzangu mwingine. Gortash, bwana wake wa zamani, alimuuza kuzimu, huko wakamtoa moyo wakamwekea injini. Hapa duniani injini hiyo inamuunguza taratibu, na hilo unalijua tangu mapema. Nilidhani siku ya kumuua Gortash itakuwa sherehe. Anaanguka, Karlach anasimama juu ya maiti, anangoja kitu kibadilike kifuani, hakibadiliki. Anapiga kelele kwamba hataki kufa. Samantha Béart, aliyemtolea sauti, anaanza kwa hasira kisha sauti inapasuka kama ya mtoto. Hapo sikutafsiri, na mama hakuuliza. Kwa dakika zile tu ningelipa bei ya gemu zima.

Mwisho wenyewe una kasoro. Emperor, aliyekulinda tangu mwanzo, ukiamua kumfungua mfungwa wake Orpheus anahamia upande wa adui palepale, kwa maneno machache. Kiumbe aliyejengwa kwa werevu kiasi kile alistahili kuondoka kwa mabishano marefu. Na vita vya kuufikia ubongo ni virefu kupita kiasi, adui juu ya adui, kila mmoja anangoja zamu yake.

Kisha gatini, Karlach anaanza kuwaka. Njia ya kubaki hai ni kurudi Avernus, kuzimu kule kule. Mama alikuwa ameshasimama. "Asiende peke yake." Wyll, kijana mwingine wa kikundi chetu, akasema atakwenda naye, wakaondoka pamoja.

Waliocheza mwaka 2023 gemu lilipotoka waache nafasi ya kurudi, kwa sababu sasisho la mwisho wa Novemba mwaka ule liliongeza karamu ya miezi sita baadaye, wote wanakutana kambini. Mimi niliikuta ipo. Nilizunguka naongea na kila mtu, nikimtafuta mmoja. Alikuwepo, katoka Avernus, anacheka, ana tumaini la kuurekebisha moyo wake. Nikamwambia mama: kaja. Akauliza kama yule kijana naye kaja. Kaja, mama.