Treni ya La Raya na lama wa Lares: uzoefu wetu wa siku kumi Peru

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Kaka yangu mkubwa alikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa kwetu, na nilipokuwa mtoto nilimwona akirudi nyumbani shingo imekakamaa, bega moja limeshuka kuliko jingine. Kwa hiyo nikiona tangazo la safari ya mlimani, kitu cha kwanza ninachouliza ni mzigo unabebwa na nani, na anayebeba analipwa nini. Ndilo swali nililowauliza mawakala wa Cusco, mji wa milimani huko Peru, kabla mimi na mke wangu hatujalipia safari hii ya mwezi Juni.

Wakala wa kwanza alinitumia picha za lama, wanyama wa mizigo wa milima ya Peru, waliovalishwa mashada mekundu masikioni. Nilipombana akakiri kwamba lama wale wanatembea mbele kwa ajili ya picha, mizigo inakuja nyuma juu ya nyumbu, wale chotara wa punda na farasi. Wa pili alijibu kwamba lama ni wa wafugaji wa kijijini, wanabeba kweli, na mfugaji analipwa kwa kila lama kwa kila siku, pamoja na ujira wake mwenyewe wa kuwaongoza. Tukampa wa pili hela yetu. Kwa upande wa lama sijutii hata senti moja. Kwa ratiba, ninayo malalamiko.

Lalamiko lenyewe ni hili: walitulaza Cusco usiku wa kwanza. Mji ule uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na vibanda vya Horombo vilivyo mita 3,720, na sisi tulitoka Lima kwenye pwani kwa ndege, mwendo wa muda wa saa moja na kidogo. Mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anafika Horombo siku ya pili kwa miguu, pole pole, mwili unajua unakoelekea. Sisi tulitua tu. Mke wangu alitapika usiku kucha, kichwa kinampasuka. Asubuhi niliwaambia watupeleke Ollantaytambo, kwenye bonde, kama mita 2,800, tukakaa siku mbili na akapona kabisa. Nauli ya gari tuliilipa wenyewe. Ukinunua safari kama hii, waambie kabla hujalipa kwamba usiku wa kwanza utalala bondeni, na iandikwe.

Watu watakupa chai ya majani ya koka, mmea ambao kokeini inatokana nao, kila unapokaa. Inasaidia kidogo kwa maradhi ya mwinuko, na wenyeji wanaiheshimu sana. Lakini majani yenyewe usiyatie kwenye begi la kurudi nyumbani, nchi nyingi ni kosa, na kama mwajiri wako anapima wafanyakazi dawa za kulevya ujue chai hiyo inaweza kujitokeza kwenye kipimo.

Sasa lama. Tuliwakuta sita karibu na chemchemi za maji moto za Lares, njia yetu ya miguu ilipoanzia, wakiwa wamelala kwa kukunja miguu kama ngamia, na kweli ni ukoo mmoja, ila hawa hawana nundu. Mwenye lama alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, amefuatana na binti yake. Mzee alitoa mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ile ambayo kwetu wanunuzi wanapimia kahawa, akatundika begi langu. Kilo 14. Akatundika la mke wangu, kilo 9. Hakusema neno, akaanza kupanga: begi langu ubavu mmoja, upande wa pili nguo za mke wangu na sufuria, akiinua kila upande kwa kiganja mpaka aridhike kwamba pande zote zimelingana. Kisha akafunga kwa kamba nene ya sufu ya lama, kahawia na nyeupe. Hakuna lama aliyebeba zaidi ya kilo 28. Sheria ya Peru inaweka kilo 20 kwa mpagazi mwanamume, na kwenye ile njia maarufu ya Inca inayoishia Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka, wanyama wa mizigo hawaruhusiwi, kila kitu kinabebwa na watu. Ndiyo maana sisi tulichagua Lares.

Siku ya pili ndipo nilipoelewa nilichokilipia. Usiku baridi ilikuwa kali, maji yaliganda chupani, na asubuhi mahema yalikuwa yamelowa kwa barafu iliyoyeyuka. Hema lililolowa ni zito. Kiongozi wetu, kwa haraka ya kuwahi kupita mlima kabla ya upepo, alilibandika juu ya mzigo wa lama mmoja mweupe. Lama alipiga hatua tatu, akalaza masikio nyuma, akakunja magoti ya mbele, akakaa. Hakuna aliyempiga. Mzee alikuja, akalishika hema kwa mkono, akalikung'uta, akalihamishia kwa lama mwingine aliyebeba unga na viazi vilivyopungua tangu jana. Yule mweupe akasimama mwenyewe. Nilimfikiria kaka yangu. Siku ile ambayo yeye angekaa chini katikati ya njia, kesho yake asingeitwa kazini.

Njia yenyewe inapanda hadi mita 4,400 na ushee, karibu na ziwa dogo linaloitwa Ipsaycocha, halafu inateremka kuelekea Patacancha. Hakuna msitu kule juu, ni majani makavu ya ichu tu, mawe, na theluji kwenye vilele vya jirani. Lama wanatembea kwa mwendo ambao mtu mwenye mapafu ya kawaida anaumudu, wanasimama kuchuma majani, wanatoa sauti kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Angalia chini wanapopita. Mguu wa lama una vidole viwili vyenye kucha, na chini ni nyama laini, kwa hiyo njia haichimbuki. Walipopita nyumbu wa kundi jingine, udongo ulibaki umepasuliwa.

Kwenye nyumba ya mzee, kijijini Huacahuasi, tulikuta viazi vidogo vimetandazwa juu ya majani uwanjani, usiku vinaganda, mchana vinayeyuka kwa jua, na asubuhi binti yake alivikanyaga kwa miguu mitupu kutoa maji. Baada ya siku kadhaa vinakauka na kuwa vyepesi kama kokoto za mbao. Wanaita chuño, na vinakaa miaka bila kuoza. Tulivila kwenye supu. Ladha ina ukali kidogo wa udongo, mimi niliongeza bakuli. Pale ndipo yule binti aliuliza, kupitia kwa kiongozi, kama kwetu kuna lama. Mke wangu ana picha ya ngamia kwenye simu, aliipiga alipokwenda kumsalimia dada yake Mombasa, ngamia wa ufukweni. Akamwonyesha. Binti alimwita baba yake, baba akaita majirani, simu ikazunguka nyumba nzima. Mzee aliukodolea macho mdomo wa ngamia ule uliogawanyika katikati, akaenda nje, akarudi amemshika lama shingoni, akailinganisha midomo. Kisha akagonga nundu kwenye kioo kwa kidole na kuuliza ndani kuna nini.

Machu Picchu nitapita haraka kwa sababu kila mtu ameiandika. Treni ya kutoka Ollantaytambo ni nzuri, ina madirisha hadi kwenye paa, inafuata mto Urubamba mpaka milima mikavu inageuka msitu. Wakala hakutuambia kwamba treni hiyo inaruhusu begi dogo tu, tukalazimika kuacha mabegi makubwa kwenye nyumba ya wageni. Wewe jua mapema.

Treni niliyoipenda ni ile ya Cusco kwenda Puno, mji ulio kando ya ziwa Titicaca, mwendo wa muda wa saa kumi hivi, na haiendi kila siku, kwa hiyo ratiba nzima ipangwe kuizunguka. Bei inauma: zaidi ya dola 200 kwa mtu, wakati basi la kawaida ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mimi naona inastahili, ila tu kama unapenda kukaa na kutazama. Behewa la mwisho limefunguliwa nyuma, unasimama na upepo unakupiga. Reli inaupanda mto Vilcanota kwenda juu, saa baada ya saa mto unazidi kuwa mwembamba, mpaka unafika La Raya, mita 4,300 na kidogo, na mto umekuwa kijito cha kuruka kwa hatua moja. Maji ya upande tuliotoka yanakwenda Amazon. Ya upande wa pili yanashuka ziwa Titicaca. Treni inasimama pale dakika chache, kuna kanisa dogo jeupe na wanawake wanaouza sweta za sufu ya alpaka, mnyama ndugu wa lama. Tulikuwa juu ya Horombo kwa karibu mita 600, tumefika tumekaa, na safari hii mke wangu alishuka akanunua kofia bila hata kuhema.

Halafu mji wa Juliaca. Reli inakata katikati ya soko, na wafanyabiashara wamepanga bidhaa mpaka katikati ya reli zenyewe: vitabu vya mitumba, vipuri vya pikipiki, viatu, vifurushi vya dawa za kienyeji. Honi ilipolia walivuta miavuli na maturubai nyuma, bila papara, na vitu vilivyolala chini katikati ya reli waliviacha palepale, treni ikapita juu yake. Nikiwa behewa la nyuma niliona miavuli inarudi mmoja mmoja, soko likajifunga nyuma yetu kana kwamba hatukupita.

Kama una hela ya kimoja tu kati ya treni na lama, chukua lama. Uliza ni wa nani, uliza mizani iko wapi, na mpe mfugaji bakshishi mkononi mwake mwenyewe, kwa soli za Peru, kwa sababu dola hawezi kuzitumia kijijini.

Mzee aliniuzia kamba moja, ile ya kahawia na nyeupe. Niliipeleka Marangu mwezi Agosti. Kaka aliishika, akaivuta kwa mikono miwili kuipima nguvu, akauliza lama anabeba kilo ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza tena, na akizidishiwa?