Cheti kipi cha vachualaizesheni ununue kwanza ukiwa Dodoma

Kila mwaka, wiki chache baada ya mahafali ya UDOM, simu yangu huanza kuita. Wengi ni vijana waliotoka CIVE, ile ndaki ya TEHAMA, na swali lao halibadiliki: "Shikamoo kaka. Nimedunduliza laki saba. Nianze na VCP?" VCP ni cheti cha VMware, kampuni ya programu za vachualaizesheni.

Miaka mitano iliyopita ningejibu "ndiyo, anza" kabla hajamaliza kuandika. Siku hizi namwambia tulia kwanza, laki saba si hela ya kuchezea.

Kwa aliyeingia hapa bila kujua tunazungumzia nini: vachualaizesheni ni ufundi wa kuchukua seva moja ya chuma na kuigawa, kwa programu inayoitwa haipavaiza, ikawa mashine pepe kumi au ishirini, kila moja ikijiona ina prosesa, RAM na diski yake. Kazini hakuna anayesema mashine pepe. Tunasema VM, na mimi nitasema hivyo hivyo.

Hapa Dodoma kazi hizi zipo. Tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, wizara zimejengwa Mtumba, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake hapa, na nyuma yake zimefuata benki, taasisi na kampuni za kuwahudumia. Kila mmoja ana chumba chenye kiyoyozi na kabati la seva, na anahitaji mtu wa kukilinda. Tatizo ni kwamba ukiwa nje hujui ndani ya kabati lile kunaendeshwa nini.

Zamani ulikuwa huhitaji kujua, maana jibu lilikuwa VMware. Kisha tarehe 22 Novemba 2023 Broadcom wakakamilisha kuinunua VMware, na mwezi uliofuata wakasimamisha uuzaji wa leseni za kudumu. Ukitaka sasa, unalipia kwa kipindi, tena kwa vifurushi. Februari 2024 wakaliondoa hata toleo la bure la ESXi, haipavaiza yao, wakalirudisha Aprili 2025. Meneja wa TEHAMA aliyezoea kununua leseni mara moja na kulipia msaada wa kiufundi kila mwaka akajikuta ana bajeti isiyolingana na ankara. Wengine wamebaki, wengine wamehamia Hyper-V ya Microsoft, wengine wanajaribu haipavaiza ya bure, Proxmox, kimyakimya kwenye seva moja ya pembeni. Ndiyo maana mpangilio wangu umegeuka. Hela ya kwanza naiweka kwenye ujuzi utakaoondoka nao, hata ofisi ikibadilisha haipavaiza.

Namba moja: RHCSA ya Red Hat

Najua utashangaa, maana hiki ni cheti cha Linux, na mtihani wake, EX200, hauna mengi ya VM ndani yake. Nisikilize kwanza. KVM, haipavaiza ya Linux yenyewe, iliingia kwenye kiini chake mwaka 2007, na leo ndiyo injini iliyo chini ya Proxmox, chini ya AHV, haipavaiza ya kampuni ya Nutanix, na chini ya sehemu kubwa ya OpenStack, programu ya kujengea wingu. Mtu anayejua kupanua diski ya LVM iliyojaa, kusoma logi, kufunga na kufungua milango ya fayawoli na kuielewa SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux, badala ya kuizima, utamweka mbele ya haipavaiza yoyote kati ya hizo na ndani ya wiki mbili atakuwa anatembea mwenyewe. Aliyejifunza tu kubonyeza menyu za vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi, siku menyu zikibadilika anaanza upya.

Sababu ya pili ni aina ya mtihani. Hakuna a, b, c, d. Unapewa mashine hai, saa 3, na orodha ya kazi, na ili ufaulu unatakiwa kupata alama 210 kati ya 300. Huwezi kukariri majibu yaliyovuja, kwa hiyo anayekuajiri anajua kwamba uliyafanya kwa mkono. Cheti kinadumu miaka 3.

Ubaya wake ni bei. Kwa bei ya Marekani ni takriban dola 500, karibu mara mbili ya VCP, kwa hiyo laki saba haitoshi. Ila kujifunza ni bure: Red Hat wana usajili wa bure kwa waendelezaji unaokuruhusu mifumo hadi 16, na kama hutaki kujisajili, AlmaLinux na Rocky Linux zinafanana nayo kiasi cha kutosha kwa mazoezi.

Namba mbili: VCP ya VMware

Usidhani naidharau. Kabati nyingi bado zina vSphere, yaani ESXi na vCenter kwa pamoja, na zitaendelea kuwa nayo kwa muda, maana kuhamisha VM mia moja si kazi ya wikendi. Ukiwa tayari umeajiriwa mahali wanapotumia VMware, ipandishe iwe namba moja na usinisikilize tena.

Mtihani ni dola 250. Habari njema ni kwamba tangu Mei 2024 hulazimiki tena kuhudhuria kozi rasmi kabla ya kupewa cheti. Kozi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza wengi, kwa sababu gharama yake ilikuwa kubwa kuliko mtihani wenyewe mara nyingi. Jambo la kuangalia ni jina. VCP-DCV ndiyo tuliyoizoea, lakini Broadcom wamehamishia uzito kwenye Cloud Foundation, yaani VCF, na mitihani yake inafuata toleo. Kabla hujalipa, soma namba ya mtihani kwenye ukurasa wao na uone unahusu toleo gani. vSphere 7 iliishiwa msaada wa kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo anayekuuzia kitini cha vSphere 7 leo anakuuzia gazeti la jana.

Shida nyingine ni maabara. ESXi ya bure haiunganishwi na vCenter, na bila vCenter hutajifunza vMotion (kuhamisha VM bila kuizima), HA (kuiwasha VM kwenye seva nyingine seva yake ikifa) wala DRS (kusawazisha mzigo kati ya seva), ambavyo ndivyo moyo wa mtihani. Zamani tulijiunga na VMUG Advantage, uanachama wa kulipia wa kundi la watumiaji wa VMware, tukapata leseni za mazoezi. Sasa lazima ufaulu VCP kwanza ndipo wakupe, kama mtu anayekuambia ujue kuogelea ndipo uruhusiwe kuingia bwawani. Kimbilio lililobaki ni Hands-on Labs zao, za bure, unazifungua kwenye kivinjari. Zinatosha ukizirudia.

Namba tatu: Microsoft

Ofisi ndogo na za kati nyingi zina Windows Server tayari, na Hyper-V imo ndani. Leseni ya Standard inakupa haki ya VM 2 za Windows, Datacenter haina kikomo, na mhasibu anaielewa hesabu hiyo upesi. Cheti cha njia hii ni Windows Server Hybrid Administrator, ambacho kimekuwa kikipatikana kwa mitihani miwili, AZ-800 na AZ-801. Marekani kila mmoja ni dola 165, na Microsoft hupanga bei kwa nchi, kwa hiyo chagua Tanzania kwenye ukurasa wao uone. Kinachonivutia ni kuhuisha: kila mwaka unafanya jaribio la mtandaoni, bure, ukiwa nyumbani Kisasa au Nkuhungu na chai yako. Windows Server ya majaribio nayo unaipata kwa siku 180. Usichanganye na AZ-900. Hicho ni cheti cha utangulizi wa Azure, wingu la Microsoft, kizuri kwa afisa manunuzi anayetaka kuelewa anachonunua, ila hakitakupa seva ya mtu.

Namba nne: Nutanix

NCA, cheti cha kuanzia, ni dola 99 na NCP-MCI, cha juu yake, ni 199, masomo yao mengi ni ya bure, na kuna Community Edition ya kuchezea. Kwa bei hiyo ningependa kuipandisha. Kinachonizuia ni kwamba Nutanix ukiijua na ofisi haina, ujuzi unakaa kabatini. Ichukue ukishasikia jina lake kwenye tangazo la zabuni au kwa rafiki aliye ndani.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. LPIC-3 305, cheti kingine cha Linux, inahusu vachualaizesheni na kontena moja kwa moja na ni mtihani mzuri, lakini lazima upande ngazi ya LPIC-1 na LPIC-2 kwanza, jumla mitihani mitano. CompTIA Server+ haiishi muda wake, inamfaa fundi wa kompyuta anayetaka kuhamia seva. Proxmox wanatoa mafunzo, ila hawana mtihani unaotambulika sokoni kama hiyo mingine. Ijifunze hata hivyo, tena usiku huu.

Kabla ya mtihani, nunua maabara

Hapa ndipo ninapogombana na vijana. Laki saba ile, sehemu yake kubwa ningeiweka kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika, ile ya ofisi, ikiwa na RAM GB 32 au nafasi ya kuongeza ifike hapo, na SSD. Usihangaike kutafuta seva ya rafu iliyotumika. Inakula umeme, inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na mwenye nyumba atakuuliza luku inaishaje. Kwa kumbukumbu tu, vCenter 8 peke yake kwa kipimo kidogo kabisa inataka RAM GB 14, kwa hiyo muuzaji wa Majengo akikuambia GB 8 inatosha kwa kila kitu, mshukuru uendelee na safari. Angalia pia kadi ya mtandao: ESXi kuanzia toleo la 7 ilizikataa kadi nyingi za Realtek, za Intel hazisumbui. Proxmox haina maringo hayo. Na kama una laptopu yenye nguvu, VMware Workstation Pro ni bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024. Unaweza kusimika ESXi ndani yake.

Maswali ambayo cheti hakikujibii

Ukifika kwenye usaili, jopo likiwa na mtu aliyewahi kulala chumba cha seva, atakuuliza mambo haya, cheti chochote uwe nacho.

Kwanza umeme. Niliwahi kuitwa ofisi moja asubuhi, umeme ulikuwa umekatika usiku na UPS ikaisha. Umeme uliporudi, seva zote ziliwaka, VM hata moja haikuwaka. Tulihangaika hadi adhuhuri. Seva zilikuwa zinaitafuta stoo ya data, zinapokaa diski za VM, kwa jina, na anayegeuza jina kuwa anwani ni DNS, na DNS ilikuwa VM iliyolala ndani ya stoo hiyo hiyo. Funguo zilikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Toka siku ile stoo naiunganisha kwa anwani ya IP, na naacha seva moja ya DNS nje ya klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, hata ikiwa ni kompyuta kuukuu. Orodha ya nani anawaka kwanza (stoo, DNS, muda, hifadhidata, kisha programu) naichapa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, maana ikiwa kwenye seva haitasomeka siku inapohitajika. UPS nayo iunganishwe ili izime VM kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Pili snapshoti, ile alama ya hali ya VM unayoweza kuirudia. Si bakapu. Inakaa kwenye stoo ile ile na VM yenyewe, na inakua kila data inapobadilika. VMware wenyewe wanashauri isizidi saa 72. Nimewahi kukuta moja yenye miezi saba, imeijaza stoo mpaka VM zikasimama. Bakapu ni nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja nje ya jengo, na iliyowahi kujaribiwa kurejeshwa. Kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, fahamu pia nakala hiyo ya nje iko wapi na nani anaishika.

Tatu ni kugawa rasilimali. Mwenye programu ataomba prosesa 16. Mpe 4, pima wiki mbili, ongeza ikibidi. VM yenye prosesa nyingi isizozitumia hupanga foleni kuzingoja na kuwachelewesha majirani. Na klasta iwe na nafasi ya seva moja kufa bila kelele. Ukiijaza zote kwa asilimia 90, HA yako ni jina tu.

Vumbi nisilisahau. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unaingia hata penye dirisha lililofungwa. Kiangazi, angalia vichujio vya kiyoyozi na feni za seva kila mwezi.

Siku ya mtihani

Mitihani mingi unaweza kuifanyia nyumbani huku unaangaliwa kwa kamera, au ukapanda SGR kwenda Dar kwenye kituo. Ukifanyia nyumbani, tumia laptopu yenye betri nzima na ruta yenye chanzo chake cha umeme. Wa Red Hat wa nyumbani una masharti ya ziada: unawasha kompyuta kwa flashi yao na unahitaji kamera ya nje yenye waya.

Kitambulisho ndicho kinachowaangusha wengi. Majina uliyojisajilia yafanane na ya kwenye kitambulisho, na kiwe na picha. Namba ya NIDA bila kadi haikusaidii. Kama kadi yako bado haijatoka, tumia pasipoti au leseni ya udereva, na ulitengeneze hilo kabla ya kulipa. Vocha zinunue kwa wenyewe, si kwa jamaa wa kwenye kundi la WhatsApp anayekupa punguzo la nusu bei. Vocha ya wizi ikifutwa, cheti nacho kinaweza kufutwa.