Ununue mashine gani ya gemu? Nimezipanga kwa kuangalia kitakachobaki mkononi

"Ninunue ipi?" Anayeniuliza huwa keshachagua mbili, amezifungua kwenye simu, na anachotaka ni nimwambie ipi ina nguvu zaidi. Siku hizi nguvu naiweka mwisho. Naanza na hili: kampuni ikibadili mawazo miaka minne baadaye, wewe utabaki na nini?

Si hofu za bure. Ubisoft ilianza kuuza The Crew, gemu ya magari, mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ikazima seva zake, yaani kompyuta za kampuni zilizokuwa zikiiendesha kupitia intaneti, na kwa kuwa hata kuendesha gari peke yako kulitegemea seva hizo, gemu yote ikafa. Aliyenunua diski dukani amebaki na kisahani cha kuwekea glasi. Hasira hizo ndizo zilizozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini 1,000,000 Julai 2025. California nako, tangu 2025, sheria inayataka maduka ya mtandaoni yamwambie mteja waziwazi kwamba anacholipia ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na nusu ya tunachokiita "gemu zangu" ni nguo ya kuazima.

Kwa hiyo orodha hii haifuati nguvu ya mashine. Inafuata usalama wa pesa yako kadiri biashara hii inavyobadilika.

1. Kompyuta ya mkononi, na hasa Steam Deck

Ukitaka kujua gemu zinaelekea wapi, tazama wapinzani wanahamia wapi. Sony, iliyokuwa ikizificha gemu zake kama dhahabu, ilipeleka Horizon Zero Dawn kwenye kompyuta mwaka 2020 na God of War mwaka 2022. Microsoft gemu zake huzitoa kwenye kompyuta siku ile ile zinapotoka. Na kompyuta haina kizazi kinachokufa: gemu ya miaka ya 1990 bado inafunguka, wakati mwingine kwa kubembelezwa kidogo.

Steam Deck ilitoka Februari 2022. Inaendeshwa na SteamOS, ambayo ni Linux, mfumo tofauti na Windows, na ndani yake kuna programu iitwayo Proton inayoziwezesha gemu za Windows kucheza bila wewe kugusa kitu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Valve, kampuni inayoitengeneza, haikuifunga. Ukitaka, unaweka duka jingine. Mimi hununua kwenye duka la mtandaoni la GOG gemu ninazojua nitazirudia, kwa sababu GOG hukupa faili lenyewe la kusakinisha. Nimeyahifadhi kwenye diski kuu ya nje iliyoko kwenye droo ya meza. Hata duka lifungwe kesho, zile ni zangu. Nilijifunza baada ya duka jingine, ambalo sitalitaja, kunifungia akaunti wiki tatu kwa kosa lao, na barua pepe zangu zote zikajibiwa na mashine.

Kasoro zipo. Fortnite haichezi kwenye SteamOS, Call of Duty za sasa vilevile, kwa sababu programu zao za kuzuia udanganyifu haziikubali Linux. Kama rafiki zako wote wako huko, kifaa hiki kitakuacha nje ya mlango. Gemu nzito humaliza betri ndani ya saa mbili hivi. Maandishi madogo kwenye skrini ya inchi saba yatakufanya utafute miwani. Ukiwa na uwezo chukua yenye skrini ya aina ya OLED; betri yake inadumu zaidi na skrini ni ya inchi 7.4.

Kompyuta ya mezani ningeiweka hapa hapa, ila wakati wenyewe mbaya. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM, kumbukumbu ambayo kila kompyuta inaihitaji, imepaa kwa sababu watengenezaji wameelekeza chipu zao kwenye vituo vya akili bandia. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaiacha Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Kama unayo kompyuta, ongeza maisha yake. Kuunda mpya kuanzia sifuri, subiri.

2. PS5 ya Sony, lakini yenye tundu la diski

Hilo neno "lakini" ndilo lenye uzito. Muuzaji atakuonyesha mbili zinazofanana: moja ina uvimbe pembeni, nyingine ni laini. Ile yenye uvimbe ndiyo yenye kisoma diski. Ile laini ni nafuu siku ya kununua tu, maana kuanzia hapo duka lako ni moja, na bei inapangwa na mwenye duka. Diski unaiuza ukiimaliza, unamwazima binamu, unainunua ikiwa imetumika. Sony yenyewe imeonyesha mwelekeo: PS5 Pro ya Novemba 2024 haiji na kisoma diski, unakinunua kando.

Na hata kisoma diski hicho kina masharti. Kwenye PS5 hizi nyembamba, unapokichomeka mara ya kwanza mashine inataka intaneti ili kukisajili. Kisajili siku ile ile unayoileta nyumbani, usingoje.

Karibu gemu zote za PS4 zinacheza humu, na hiyo ni maktaba ya miaka mingi inayouzwa kwa bei ya kutupa. Halafu kuna jambo la GTA VI. Rockstar, watengenezaji wa gemu hiyo, ilipotangaza kuisogeza hadi 19 Novemba 2026 ilitaja PS5 na Xbox Series tu, kompyuta haikuitaja. Kama hiyo ndiyo gemu unayoishi kuisubiri, mpangilio wangu ugeuze: namba 2 iwe namba 1.

3. Nintendo Switch 2

Kwa nyumba yenye watoto, hii ingekuwa ya kwanza. Ilitoka 5 Juni 2025, inacheza gemu nyingi za Switch ya zamani, na hakuna mashine nyingine ambapo bibi na mjukuu wanashika pedi ya kuchezea moja moja na wote wakacheka ndani ya dakika mbili.

Ila soma boksi kabla ya kulipa. Gemu za Switch huja kwenye kadi ndogo badala ya diski, na sehemu ya chini ya jalada la baadhi yake ina ukanda mweupe wenye picha ya ufunguo. Maana yake ndani ya ile kadi hamna gemu. Kuna ufunguo tu. Gemu yenyewe utaipakua, na kadi lazima iwemo kila unapocheza. Unaweza kuiuza, sawa, lakini siku seva za kupakulia zitakapozimwa utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia lenyewe tupu. Cyberpunk 2077 ni gemu kubwa kuliko nyingi, na CD Projekt waliiweka yote kwenye kadi. Kumbe inawezekana, mtu akitaka.

Kumbuka pia kadi yako ya kumbukumbu ya zamani haitahifadhi gemu humu. Inataka microSD Express.

4. Simu uliyonayo

Usinunue mashine. Nunua pedi ya Bluetooth, basi. Karibu nusu ya pesa yote ya gemu duniani inatoka kwenye simu, na ndiyo maana gemu nyingi za humo zimetengenezwa kama mtego: bure kuingia, kisha vijisanduku vya bahati unavyolipia bila kujua kilichomo, ambavyo Ubelgiji ilishaviona mwaka 2018 kuwa kamari. Epuka hizo. Tafuta za kulipia mara moja, kama Stardew Valley au Dead Cells, nazo zitakutosha miezi.

5. Xbox Series S

Naiweka hapa kwa masikitiko, maana Microsoft, wenye Xbox, wameziheshimu gemu za zamani kuliko Sony. Kwenye Xbox za sasa zipo gemu za mwaka 2001 zinazocheza vizuri kuliko zilivyocheza siku zilipotoka. Tatizo ni kwamba mwenye mashine mwenyewe haonekani kuihitaji tena. Mwishoni mwa 2024 Microsoft ilitangaza kwa mabango kwamba simu ni Xbox, runinga ni Xbox, kompyuta ni Xbox. Forza Horizon 5 ikatua PS5 Aprili 2025, Gears of War: Reloaded ikafuata Agosti. Oktoba mwaka huo Game Pass Ultimate, ngazi ya juu ya usajili wao wa gemu unaolipiwa kila mwezi, ikapandishwa bei kwa asilimia 50 Marekani. Wengi walinunua Series S kwa sababu ya Game Pass tu, na mashine yenyewe haina pa kuingiza diski, kwa hiyo ukiacha kulipia unabaki na boksi jeupe zuri.

Series X iliyotumika, yenye tundu la diski na kwa bei ya huruma? Hiyo ni habari nyingine. Chukua.

6. Kutiririsha bila mashine

Hapa gemu inaendeshwa kwenye seva ya mbali na wewe unaletewa picha tu kupitia intaneti. Google ilianzisha huduma ya namna hiyo, Stadia, Novemba 2019 na kuizima 18 Januari 2023. Ilirudisha pesa za wateja, na hiyo ni heshima ambayo usiitarajie kwa kila mtu. GeForce Now, huduma nyingine ya aina hiyo, ina mpango wa busara zaidi, kwa kuwa unacheza gemu ulizozinunua mwenyewe kwenye maduka mengine. Inahitaji intaneti yenye kasi ya Mbps 25 kwa picha ya 1080p. Lakini kasi siyo kinachoudhi. Kinachoudhi ni ule umbali wa kidole na skrini: umebonyeza ruka, unajua umebonyeza, na mtu wako tayari yuko shimoni. Kwa gemu za kufikiri polepole, sawa. Iwe nyongeza juu ya mashine nyingine.

Jambo la mwisho kwa wanaonunua iliyotumika, iwe ipi. Usiridhike na kuiona inawaka. Omba wafungue gemu yoyote yenye mtu wa kutembezwa, kisha iweke pedi mezani, usiiguse, uhesabu hadi 30. Kamera ikianza kugeuka yenyewe polepole, vijiti vya pedi vimekwisha. Omba pedi nyingine, au punguzo la kununulia mpya.