TAHADHARI: Yule tapeli anayeuza trela ya boti ya "futi 18" amerudi sokoni

Amerudisha tangazo. Picha zile zile, turubai lile lile la buluu juu ya boti, ila namba ya simu ni mpya na bei imeshuka. Mnaojua yaliyotupata na trela aliyotuuzia, tukiteremka mteremko wa Mai Mahiu, siwasimulii tena. Hii ni ya wale ambao saa hizi wanamwandikia "bado iko?"

Anavyoibia ni hivi. Umeshamwambia boti yako ni ya futi 16, ya faiba, injini ya nguvu za farasi 40. Mnakutana Industrial Area, Nairobi, nyuma ya magodauni. Anatoa tepu, anakupa wewe ncha uishike kwenye taa za nyuma, yeye anavuta hadi mbele, kwenye kikombe kinachokalia tufe la gari (ile mpira ya chuma ya kuvutia trela). "Soma mwenyewe, mkubwa." Futi 18 na ushee. Utabisha nini, na ncha umeishika wewe?

Mshenzi yule amepima pamoja na ulimi wa trela, ile paipu ya mbele inayofungwa kwenye gari! Boti hailali kwenye ulimi. Kipimo cha boti kinaanzia kwenye nguzo ya winchi ya kuvutia boti, pale omo (pua ya boti) inapogota, hadi mwisho wa mbao za kulalia. Kwa kipimo hicho trela ile ni futi 13 na nusu. Maana yake tezi (nyuma ya boti) yote inaning'inia hewani, futi 2 na nusu, na injini ya kilo 80 au zaidi imening'inia nayo. Faiba isiyo na kitu chini yake hujipinda pale mbao zinapokomea, kidogo kidogo kwa kila tuta la barabarani. Tako likishashuka hivyo, boti inazika omo kila ukiongeza mwendo majini, na hakuna fundi wa kulinyoosha kwa bei nafuu.

Na msiniulize kwa nini tulimwamini. Jamaa anaanza kwa kukuonya! Anakwambia usiingize trela majini ukitoka tu barabarani, kwa sababu habu (kitovu cha gurudumu) ikiwa moto ikakutana na maji baridi, hewa ya ndani hujikunyata na kuvuta maji kupitia sili, beringi zinaota kutu. Ngoja zipoe kwanza. Anakwambia utumie girisi ya baharini. Yote ni kweli kabisa. Mtu mwenye girisi hadi kwenye viwiko anayekufundisha bure, utamshuku?

Kisha anafanya lile la mkono mmoja. Anainua ulimi, trela ikiwa tupu, anaushikilia hapo huku anacheka: "Ona, hata mtoto wa darasa la nne anaiinua." Sisi tukacheka naye. Kumbe anatuonyesha ubovu wenyewe. Ulimi ni mwepesi kwa sababu ekseli imechomelewa mbele mno. Trela, boti, injini na petroli zikifika kilo 700, tufe la gari linatakiwa kubeba asilimia 7 hadi 10, yaani kilo 50 hadi 70. Panga matofali, weka juu yake mizani ya kupimia watu, laza ulimi hapo kwa kimo cha tufe, boti ikiwa juu. Yake ilisoma kilo 11. Uzito ukilemea nyuma ya ekseli namna hiyo unanyanyua tako la gari, na ukipita mwendo wa 60 trela inaanza kutikisa mkia kama mamba.

Dawa ya kawaida ni kusogeza nguzo ya winchi mbele: boti inasonga, tezi inakaa juu ya mbao, ulimi unapata uzito. Lakini nguzo yake imechomelewa, haina bolti, na ulimi ni mfupi. Ukisogeza, omo itagonga mlango wa nyuma wa gari kwenye kona. Inabidi ulimi urefushwe na ekseli ikatwe irudi nyuma, safari hii ifungwe kwa yubolti (bolti za umbo la U).

Lile tufe alilotupa "zawadi" ni la inchi 1 na 7/8. Kikombe ni cha inchi 2. Kinabofya, kinafunga, halafu kwenye tuta moja tu kinaruka.

Dalili nyingine, haraka: eti chuma cha zinki, chungulia ndani ya paipu utaona kutu, nje ni rangi ya fedha tu. Logibuku "iko kwa kaka". Jina la M-Pesa si lake. Kuna mteja mwingine njiani kila wakati. Hataki boti ije ijaribiwe juu ya trela.

Huyu anastahili ndani. Kupata pesa kwa hila ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 3, na mimi naona 3 ni michache kwa mtu anayetuma watu kwenye mteremko na ekseli kama ile. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai hadi shilingi milioni 1, na sisi tunaenda ile ya Milimani, Nairobi. Aliyeuziwa pia ajitokeze tuwe wengi, na mwenye picha ya ile namba yake ya Z (ya usajili wa trela) kabla haijapakwa rangi upya anitumie leo.